Karatasi ya Bluu na Kipengele cha Tano

Vijana wangu, binti mnayefanya naye kazi alikuja na pikipiki mpaka mlangoni kwangu hapa Alunguli, akanipa karatasi mbili zenye utaratibu wa ofisi yenu mpya ya kusikiliza malalamiko. Akaniambia: "Babu, tunataka kuzibandika kila mahali watu waone namuna tunafanya kazi. Utuangalilie mbele ya kuchapisha." Nimeangalia. Nina neno moja la kusema juu ya karatasi yenu, lakini nitaliweka mwishoni. Nikilisema sasa mtashukuru na kuondoka, na mimi nina mambo ya kusimulia.

Mimi naitwa Amisi. Watu wazima wa hapa wananijua kama Amisi wa Mashine, kwa sababu miaka mingi nilikuwa napiga mashine ya kuandikia katika ofisi ya malalamiko, kule ng'ambo ya mto, nyuma ya jengo la zone, yaani serikali ya wilaya. Ilikuwa enzi ya Zaire na Chama kimoja. Hakukuwa na Bwana wala Bibi. Kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia, na mwanamke citoyenne, hata ukimgombeza. Asubuhi tuliimba mbele ya bendera kabla ya kufungua milango, na aliyechelewa kuimba aliandikwa. Mimi nilikuwa naimba vibaya lakini nilikuwa nawahi, ingawa ilinibidi kuvuka mto kwa mtumbwi kila siku.

Tulikuwa watu watatu. Mkubwa wetu alikuwa Citoyen Lukali, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuletwa pale. Mjini waliendelea kumwita Mwalimu, naye alipenda. Alivaa abacost yake, lile koti la enzi zile la kuvaliwa bila tai, na kuifunga mpaka kifungo cha juu hata siku za joto kali. Wa pili alikuwa Mama Feza, aliyewapokea watu. Wa tatu mimi, mwenye mashine, kabati la mafaili, na baiskeli ya ofisi. Kazi yetu haikuwa ya mahakama wala ya polisi. Raia aliyeonewa na mtumishi wa soko, wa kivuko au wa viwanja alikuja kwetu. Tulimsikiliza, tukaandika, tukaenda kuuliza upande wa pili, tukamrudishia jibu. Mara nyingi jibu halikumfurahisha, lakini alilipata.

Mama Feza ndiye aliyenifundisha kazi, na hakunifundisha kwa maneno. Siku ya kwanza niliweka kiti kimoja mbele ya meza, kama nilivyoona katika ofisi nyingine. Akaja akakitoa nje, akaleta benchi, akaliweka kando ya ukuta, akaketi juu yake mwenyewe. Kila aliyekuja alikaa pembeni yake, si mbele yake. Nilimwuliza sababu. Akasema: "Muntu akikaa mbele ya meza anasema yenye mukubwa anataka kusikia. Akikaa karibu yangu anasema yenye iko ndani." Nikafikiri ni maneno ya wanawake. Baada ya mwezi nikawa napigania benchi lile lisichukuliwe na ofisi jirani.

Tena alinikataza kuandika wakati mtu anasimulia. Kalamu ikitembea, macho ya mtu yanaifuata, na mdomo unaanza kuchagua maneno. Alimwacha mtu aseme mpaka mwisho, kisha akamsimulia mtu huyo hadithi yake ile ile, ili amsahihishe. "Hapana mama, haikuwa Jumatatu." "Aa, basi niambie tena." Mara ya tatu ndipo alinigeukia na kusema, "Amisi, sasa." Na kabla ya hapo alikuwa ameuliza swali moja ambalo ninyi pia msilisahau: "Unataka nini ifanyike?" Mngeshangaa. Mtu amekuja na hasira ya kuchoma nyumba, ukimwuliza anataka nini, anasema anataka yule karani aseme pole tu.

Mimi fahari yangu ilikuwa mashine. Sasa hivi mnagusa kitu na karatasi inatoka. Sisi tulikata stensili. Ni karatasi laini yenye nta, unaipiga bila utepe, herufi inatoboa, kisha unaivisha kwenye roneo, mashine ya kutoa nakala, unatia wino na kuzungusha mkono. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake taratibu. Usipongoja, herufi inazama na kutoa doa. Mimi ukurasa wangu haukuwa na doa. Siku moja tu niliivisha stensili kinyume, nikazungusha rundo zima bila kuangalia, maneno yote yakatoka yakitazama nyuma. Citoyen Lukali alishika karatasi moja, akaigeuza huku na huku, akasema kwa utulivu kabisa tuzipeleke kwa kinyozi, watu wazisomee kwenye kioo chake. Miaka mingi kila nilipokata nywele nililikumbuka neno hilo.

Kwa malalamiko yenyewe nilitumia kaboni. Kila lalamiko nilipiga nakala tatu kwa pamoja: nyeupe ya faili letu, ya njano ya zone, na ya bluu ya mtu aliyelalamikiwa, ili aweze kujibu. Hiyo ya bluu niliipeleka mwenyewe kwa baiskeli. Lalamiko likipokelewa asubuhi, kabla ya adhuhuri karatasi ya bluu ilikuwa mkononi mwa aliyelalamikiwa. Citoyen Lukali alinisifu mbele ya wageni kwa mwendo huo. Ikumbukeni karatasi hiyo ya bluu.

Aliyetusukuma mpaka tukatangaza utaratibu wetu alikuwa mtu wa Lubutu. Alikuja juu ya lori, siku kadhaa njiani, mvua imemla, kulalamika kwamba karani mmoja kwao amemngojesha wiki nzima kwa ajili ya karatasi ya kiwanja. Nasi tukamngojesha siku mbili, kwa sababu Citoyen Lukali alikuwa kwenye mkutano wa Chama na bila yeye hakuna aliyepitisha lalamiko la mtu wa nje ya mji. Siku ya tatu mtu yule alisimama mlangoni, hakukaa hata kwenye benchi, akasema: "Yule karani nilikuja kumushitaki kwenu. Na nyinyi, nitawashitaki wapi? Hakuna muntu anajua nyinyi munafanya kazi namuna gani. Karatasi inaingia humu kama jiwe ndani ya muto Lualaba." Tukacheka kidogo, kwa sababu tulikuwa na aibu. Citoyen Lukali hakucheka. Alifungua kifungo cha juu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akasema: "Huyu ana haki. Tutaandika hatua zote, moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili, tuzibandike watu wazione."

Mtadhani ni kazi rahisi, kuandika unachokifanya kila siku. Ilituchukua siku tatu. Tuligundua kwamba watu watatu katika chumba kimoja walikuwa na ofisi tatu. Mama Feza aliwaambia watu jibu litatoka baada ya wiki. Citoyen Lukali aliwaambia wiki mbili. Mimi niliwaambia warudi siku ya soko, bila kusema soko la lini. Mama Feza alipokea lalamiko la mdomo, mimi nilikuwa nawarudisha watu wakatafute wa kuwaandikia. Tulibishana, tukanuniana, tukakubaliana. Kama ofisi yenu haikugombana wakati wa kuandika karatasi hizi mbili, basi mmoja wenu aliandika peke yake na wengine wakasema ndiyo.

Palipokuja kipengele cha tano hatukugombana hata kidogo. Citoyen Lukali alisema, mimi nikapiga: "Nakala ya malalamiko hupelekwa kwa mtu anayelalamikiwa ili apate kujibu." Mama Feza akatikisa kichwa kukubali. Tuliona ni haki tupu, kwa sababu mtu hawezi kujibu jambo asilolijua. Nikavuka mstari, nikaendelea na cha sita.

Ilibidi komisere, mkuu wa zone, atie sahihi, maana bila mhuri wake hata tangazo la mbuzi aliyepotea lisingebandikwa. Citoyen Lukali, ambaye hakuwa mjinga, aliweka mwanzoni aya ndefu ya kushukuru Chama. Komisere alisoma aya ile, akafurahi, akaruka mpaka chini, akapiga mhuri.

Nilibandika mwenyewe: mlangoni kwetu, sokoni, nje ya msikiti baada ya kuomba ruhusa kwa imamu, parokiani, na pande zote mbili za kivuko. Gundi ilikuwa ya unga wa muhogo uliopikwa. Hapo nawapa elimu ya bure: gundi ya muhogo inashika vizuri, lakini mbuzi wanaipenda kuliko majani. Kesho yake za sokoni na za parokiani zilikuwa zimeliwa mpaka kipengele cha tatu. Nikabandika upya, juu zaidi. Pimeni kwanza kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.

Watu walisoma. Wasiojua kusoma walisomewa. Nilisimama kando kidogo, nikijifanya ninasubiri mtumbwi, nisikie wanavyosema. Walicheka aya ya kushukuru Chama, kimya kimya, kwa mabega. Kipengele cha tano kikisomwa walinyamaza, na wengine waliomba kisomwe tena. Nikadhani wanakifurahia. Nawaambia ukweli, nilidhani hivyo.

Siku ya nne akaja Mama Mwavita. Alikuwa mwuzaji wa samaki wa moshi. Samaki wake walitoka Lokandu, na watu walijua kwamba wake hawana mchanga. Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amekuja kulalamika juu ya mkubwa wa soko lile dogo la karibu na kivuko, aliyekuwa anawapa watu wake meza za chini ya paa na kuwasukuma wengine nje. Tuliandika, tukauliza, mkubwa wa soko akajibu kwamba hakuna tatizo, nasi tukafunga faili. Sasa alikuwa mbele yetu tena. Mama Feza alimwonyesha benchi. Hakukaa.

"Ile karatasi ya inje, njo nyinyi muliandika?"

"Njo sisi, mama," nikasema.

"Nisomee ile ya tano."

Nikamsomea, tena kwa sauti nzuri.

"Ile nakala, iko na jina yangu ndani?"

"Iko na jina na mutaa, mama. Ni nakala kamili."

"Na ya mwaka uliopita, juu ya mukubwa wa soko. Nani alimupelekea?"

Nikatazama mashine. Mama Feza akanitazama mimi. "Mimi," nikasema.

"Siku gani?"

"Ile ile siku. Mbele ya adhuhuri."

Sasa ndipo akakaa. Alikaa vibaya, nusu nje ya benchi, akaweka mikono juu ya kichwa. "Mwaka muzima," akasema. "Mwaka muzima nilisema njo Salima."

Alitueleza. Alipokuja kulalamika alimwambia mtu mmoja tu duniani: rafiki yake Salima, ambaye walikaa meza moja tangu wakiwa wasichana, mmoja akiuza samaki na mwingine mikate ya mchele. Siku mbili baadaye mkubwa wa soko alifika na karatasi ya bluu imekunjwa mfukoni, akamwambia yeye Mwavita anajua sana kusema, basi akasemee kule nje. Akamtoa chini ya paa, akamweka kando ya mfereji, ambako mvua ikinyesha maji yanapanda mpaka kwenye vikapu. Mwavita hakuwa na namna ya kujua karatasi ile imetoka wapi. Alijua tu nani aliambiwa. Alimwendea Salima mbele ya soko zima, akamwita mwuza watu, akamtukana, na mama yake Salima alikuwa pale, mzee, anasikia. Salima alifunga vyombo vyake, akahama soko. Hawakusemezana tena. Mama yake Salima alikufa katika mwaka ule ule, na Mwavita hakwenda kwenye kilio.

"Nilikuwa ninaona kilio yao inapita," alisema. "Nikageuza uso."

Nilijisikia mdogo na mchafu, na lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimesifiwa kwa jambo lile. Nikauliza, ili niseme chochote, Salima yuko wapi sasa. "Kule kwenu Alunguli. Anakaanga mikate kando ya muto, kwenye mitumbwi." Hapo nikataka kutoka nje. Maana mwanamke yule nilikuwa namjua. Nilinunua kwake kila asubuhi kabla ya kuvuka. Aliniita "mteja wangu". Aliwahi kuniambia ameacha soko la ng'ambo kwa sababu ya maneno ya watu, nami nikatikisa kichwa, nikasema watu wa soko wana mdomo mbaya, nikala mkate wangu, nikapanda mtumbwi kwenda kazini.

Mama Mwavita alipoondoka, Citoyen Lukali alifunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, naomba muelewe. Alikuwa na watoto, na wakati ule mtu angeweza kuhamishiwa mbali kwa neno moja. Akasema tutoe karatasi zote kimya kimya, tukate stensili mpya, kipengele cha tano kipya, tubandike safi, na hakuna atakayejua. Mimi nilikubali haraka. Ukurasa safi ndiyo dini yangu.

Mama Feza akasema hapana. "Tukitoa, kila muntu aliyewahi kuleta lalamiko humu ataendelea kushitaki ndugu yake ndani ya roho. Hatuna Mwavita mumoja tu. Kabati ile imejaa." Akanyoosha kidole kwenye mafaili yangu. "Amisi atachukua kalamu, atakwenda kwa kila karatasi, atapiga mustari mumoja juu ya ile ya tano. Mumoja tu, maneno yote yasomeke. Na chini ataandika kwa mukono kwamba tulikosea."

"Na komisere?" Citoyen Lukali akauliza.

"Komisere si alitia sahihi? Wewe unafikiri aliisoma?"

Citoyen Lukali akachukua kalamu akaandika maneno mwenyewe, akanipa ninakili: "Kipengele cha tano tulikifanya vibaya. Tulipeleka jina la mlalamikaji kwa aliyelalamikiwa, na kuna watu wameumia. Kama ulimshuku mtu kwamba alikusema, huenda ni sisi. Kuanzia leo anayelalamikiwa ataelezwa jambo, hataelezwa jina, mpaka mwenye jina akubali." Na chini yake akaweka jina lake. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote nyingine.

Nisiwadanganye kwamba kipengele kipya kilikuwa rahisi. Kama kuna mtu mmoja tu mwenye meza kando ya mfereji, ukitaja mfereji umeshamtaja mtu. Ilibidi tujifunze kuuliza soko zima badala ya kuulizia meza moja, na mara nyingine kungoja mpaka walalamikaji wawe watatu au wanne. Ilichelewesha kazi. Mwendo wangu ulikwisha, na hakuna aliyenisifu tena.

Nilianza kufuta kwa upande wa Alunguli, asubuhi, kabla ya mtumbwi, kwa sababu nilijua nikianzia ng'ambo ningetafuta sababu ya kutofika huku. Salima alikuwa kwenye karai lake, hatua chache kutoka kwenye karatasi.

"Kaka Amisi, unaharibu karatasi ya serikali?"

"Ninaisahihisha."

"Nisomee basi, mimi macho yangu ni ya moshi."

Nikamsomea kipengele nilichokifuta. Nikamsomea nilichoandika chini. Halafu nikamwambia mengine yote: karatasi ya bluu, baiskeli, mkubwa wa soko, siku yenyewe. Aliendelea kugeuza mikate. Kisha akaacha kugeuza, na mikate ikaungua, na sikuwahi kuona mkate wa Salima ukiungua.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Sikujua kwamba ni wewe."

"Lakini karatasi uliijua."

"Niliijua."

Akaitoa mikate iliyoungua, akaitupa. "Leo mikate hakuna," akasema. Kapu lilikuwa limejaa pembeni yake. Nilipanda mtumbwi na njaa.

Ikawa hivyo siku nyingi. Mama Mwavita alinituma nimwombee msamaha. Salima akajibu: "Yeye hana miguu?" Nikapeleka jibu. Mwavita akasema: "Nitamuangalia na macho gani? Mama yake alikufa, mimi nikageuza uso." Nikarudisha. Salima akanigeuzia mgongo, na mikate bado hakuna. Nilivuka mto na maneno ya wanawake wawili mara nyingi kuliko nilivyowahi kuvuka na karatasi. Mwenye mtumbwi alianza kunicheka. Nilikuwa tayari kuacha, lakini Mama Feza alisema karatasi ya bluu niliipeleka bila kuchoka, na haya nitayapeleka vilevile.

Kisha ikafika Jumamosi ya Salongo, siku ya kazi ya lazima, na sokoni kazi ilikuwa kuzibua mfereji. Mimi nilishika orodha ya waliohudhuria, kwa sababu mtu wa mashine hupewa orodha hata asipoomba. Watu walikuwa wameshaanza, matope mpaka magotini, na Mama Mwavita alikuwa mahali pake, kando ya vikapu vyake, akitoa takataka kwa jembe. Nikamwona Salima akitoka upande wa kivuko na jembe begani. Hakuwa na lazima ya kuja. Salongo yake ilikuwa Alunguli. Hakumsalimu mtu. Alishuka ndani ya mfereji palepale mbele ya mahali pa Mwavita, akaanza kulima matope.

Mwavita alisimama, jembe mkononi. Alilia wazi, bila kujifunika. Akasema, "Salima, mama yako."

"Lima," Salima akamwambia. "Maji yanapanda mupaka kwenye samaki, na wewe umesimama."

Wakalima. Walipomaliza, Salima alipanda juu, akafuta mikono, akanijia.

"Andika jina yangu."

Mkubwa wa soko, aliyekuwa kivulini, akasema yule si wa soko hili. Salima hakumtazama. Mimi nikashika kalamu. Lakini kabla sijaandika akaweka kidole chenye matope juu ya orodha yangu safi.

"Ngoja. Hii karatasi inaenda kwa nani?"

Nikamwambia: nakala moja kwa zone, na moja inabaki katika kabati langu. Hakuna ya tatu.

"Basi andika. Salima, wa soko, kando ya mufereji."

Nikaandika hivyo hivyo. Jumatatu hakuwepo kwenye mitumbwi ya Alunguli. Nilimkuta ng'ambo, kando ya Mwavita, karai linachemka, mbao mbili zimelazwa juu ya mfereji ili maji yapite chini. Mahali pa chini ya paa Mwavita hakurudishiwa, na nasema hivyo ili msidhani tulishinda. Komisere aligundua baadaye kilichobandikwa, na Citoyen Lukali akahamishwa. Lakini Salima aliniuzia mkate siku ile. Alinichagulia uliokauka zaidi, nami niliumaliza wote mbele yake.

Sasa neno langu. Karatasi zenu ni nzuri, zimepangwa vizuri, hazina doa. Lakini katika hatua yenu ya nne mmeandika: "Taarifa za mlalamikaji zitapelekwa kwa wahusika." Nimepiga mstari mmoja juu yake, kwa kalamu, na maneno bado yanasomeka. Wahusika ni nani? Kaeni wote pamoja, mwandike mtu mmoja mmoja, jina na ofisi yake. Kisha nendeni sokoni, kando ya mfereji, mumwulize mama yeyote mwenye kikapu kama angewapa jina lake baada ya kuisikia orodha hiyo. Akisema hapana, msichapishe.